Ua Limeruka Ua

Ivo alirudi kutoka machinjioni na pua iliyokufa.
Miaka thelathini na miwili ya damu, mvuke, dawa ya sakafu,
kisha homa moja ya baridi ikamalizia kazi.
Supu ya kome aliinywa kama maji ya vyombo.
Sabuni, petroli, nywele zangu: vyote kimya.
Nasema kimya kwa sababu harufu husikika,
na mume wangu alikuwa kiziwi wa pua.

Kijiti nilikinunua kwenye mnada wa kanisa,
urefu wa penseli, ndani ya kopo la siagi,
dola mbili.
Bi Philomena aliyekiuza akaniambia,
"Hiki hakihitaji kubembelezwa."
Laiti ningemsikiliza mpaka mwisho.

Nikakichimbia chini ya dirisha la kulala.
Mwaka wa kwanza kilikaa kama mgeni, magoti pamoja.
Mwaka wa pili kilishika bomba la mvua.
Mwaka wa tatu, Septemba,
huku Hokianga ndipo mwaka unapofumbua macho,
vichomozo vya waridi vikapasuka vyeupe, mamia, usiku mmoja,
na saa nane Ivo akaketi kitandani, akanigusa kwa kiwiko.
"Merania, nani yuko nje?"
Hakuna mtu.
"Yupo. Anaingia."
Akavuta pumzi. Akavuta tena.
Tukakaa gizani kama watoto walioiba sukari,
yeye akisikia,
mimi nikimsikiliza akisikia.

Mmea huo, nani angeukata?

Ukapanda paa. Ukang'oa mfereji wa bati.
Ukanyakua kamba ya kuanikia, na soksi moja juu yake.
Kila shina lililogusa udongo lilitoa mizizi papo hapo,
kama mlevi anayelala popote
na kuamka mwenye nyumba.
Ukapita nyuma ya tangi, ukaingia msituni,
nami nikasimama na kikombe changu mkononi
nikasema, tazama, unatembea.

Anahera Tipene alikuja Oktoba na buti za mpira,
yeye na wanafunzi wake wanaolinda msitu.
Hakunigombeza. Alikunywa chai, akala biskuti tatu,
akasema, "Mama, njoo uone."

Chini ya mti wa puriri palikuwa na giza la saa sita mchana.
Mashina mapana kama kidole gumba, yamesukwa, yamesukwa tena.
Miche ya nikau imelala chini yake
kama wagonjwa waliofunikwa shuka hadi usoni.
Njiwa wa msitu, yule mnene mwenye kifua cheupe, hayupo.
Harufu tele, na ndege hakuna.
Nilipanda asumini uani kwangu;
ng'ambo hii imekuwa afu, haina mwenyewe.
Ua limeruka ua,
na sasa linaua.

Sumu hupakwa mara tu baada ya msumeno, alinifundisha,
kabla kisiki hakijapata habari.
Nikatafuta brashi.
Ivo hakuuliza neno. Aliingia bafuni
akatoka na brashi yake ya kunyolea,
bado ina povu kavu kwenye mpini.

Wiki tano. Magunia arobaini na moja.
Niliokota kila kifundo, kwa maana kimoja kikidondoka
ni kuanza upya.
Dirisha likabaki uchi, na alama za vidole vya mmea
kwenye rangi ya ukuta.

Septemba hii analifungua kila usiku.
Anasema anasikia nyasi. Anasema anasikia mvua kabla haijafika.
Sijui kama ni kweli, au ananihurumia.

Leo asubuhi, kwenye mguu wa nguzo ya kamba,
majani mawili, mekundu kidogo, laini kama sikio la paka.
Brashi ninayo. Kopo ninalo.
Kifuniko kimegoma kufunguka,
au ni mkono.
Ivo anaita kutoka ndani: chai inapoa.