Namba Moja

Kadhi aliuliza kila mmoja anachukua nini.
Wewe ukachukua mahema na viti mia mbili,
mimi masufuria, masinia, mabirika ya kahawa,
na ule mwiko wa pilau mrefu kama kasia.
Tulipofika kwenye namba ya simu
karani akainua kalamu, akangoja.

Namba haikatwi kama kitambaa.
Tena tulikwisha kuiandika, rangi nyekundu,
chini ya kila sufuria, mgongoni mwa kila kiti,
na ukutani pale Kibokoni, kwa mkono wako,
ile saba imelala kama imechoka.
Watu wanaoza kwa namba hiyo,
wanazika kwa namba hiyo.
Nani angeanza kuifuta?

Kijana wa simu wa Barabara ya Digo
akatutengenezea kadi mbili, namba moja.
"Zitalia zote pamoja," akasema,
"wa mwanzo kupokea ndiye mwenyewe.
Ila ujumbe utaingia kwa mmoja tu."
Ukanitazama. Ukasema, "Mpe yeye,
hata zamani alikuwa akisoma zangu."
Kijana akacheka. Mimi sikucheka,
mpaka nilipofika nyumbani.

Basi ndivyo tuishivyo, wewe Changamwe, mimi Kisauni.
Inalia huku, inalia huko.
Ikikatika kabla sijafuta unga mikononi
najua umeamka, umekunywa chai,
sauti yako iko kazini.
Ikifika mlio wa sita, wa saba, nasema:
amelala na jua hili, au yuko juu ya ngazi anafunga hema.
Sikuulizi. Siwezi kukuuliza.
Nilijaribu siku moja, nikapiga namba yetu:
mwanamke wa mtandao akaniambia, kwa upole wa kuudhi,
namba ninayopiga inatumika.
Ni kweli. Ninaitumia mimi.

Jana uliingia ujumbe wa hospitali:
Bwanaheri Shee, umekosa kliniki ya presha mara ya pili.
Niliusoma nimesimama, sinia mkononi.
Nikausoma tena kana kwamba ni oda,
nikitafuta tarehe, idadi ya wageni.

Nikavuka kwa Thureya, nikaazima simu yake.
Nikapiga.
Yangu ikalia kifuani, ndani ya dera.
Nikaibana kwa kiganja kama kifaranga, sikuipokea.
Ikatetemeka. Mara nne. Mara tano.
Thureya akasema, "Dada, si inalia hiyo?"
Nikamwonyesha kidole: ngoja.
Mara ya nane ikanyamaza kifuani,
na sikioni ikafunguka sauti nzito, ya mtu aliyeamshwa:

"Karibu. Ni viti, au masufuria?
Kama ni masufuria, kata upige tena,
mwenzangu ndiye atakayepokea."