Kombo

Jina langu Mwanakombo. Hapa Huddersfield
limewashinda ulimi, wakalikata: Kombo.
Hawajui kwamba wameniita
kile hasa wanachonilipa nikitafute.

Orofa ya tatu, kiwanda cha zamani cha sufu.
Mbao za sakafu bado zimekunywa mafuta ya kondoo;
siku za joto, nazo ni nne kwa mwaka, zinanuka.

Hedifoni moja, gramu mia tano na ushee,
bei yake mishahara yangu miwili na nauli juu.
Ndani yake mna utando.
Si ngozi, si karatasi:
ganda la ndani la kitunguu ni blanketi mbele yake.
Njia za alumini zimechorwa juu yake
kwa mkono mwepesi, kama piko la bibi harusi,
na huku na huku sumaku, safu kwa safu.
Spika ya kawaida husukumwa kifuani, kingo zikafuata.
Huu hutikisika wote kwa pamoja,
kama shuka inayokung'utwa na watu wawili waliozoeana.
Ndiyo maana ngoma ndani yake haivimbi.
Inapigwa, inakoma,
na pale ilipokomea unapasikia.

Kazi yangu ni kuvaa na kunyamaza.
Mlio unaanza hezi ishirini, paka anayekoroma chumba cha pili,
unapanda, unakuwa filimbi, unakuwa sindano,
unakuwa...
Mwaka juzi ulikuwa ukiendelea.
Sasa ukifika elfu kumi na moja unafunga mlango.
Natazama kioo: namba bado zinapanda.
Natikisa kichwa kama mtu anayesikia.

Sikumwambia mtu. Miaka hamsini na minne,
sikio nalo lina haki ya kustaafu kwa mafungu.
Lakini Alasdair ana ishirini na mitatu,
anasikia hata chaja ya simu ikilia ukutani.
Jumanne nikakuta hedifoni niliyoipitisha
imerudi mezani pangu na kijikaratasi cha njano:
kushoto, elfu kumi na nne.
Basi. Hata jina hakuweka.
Nikanywa chai yangu imeshapoa.

Ijumaa ilikuwa zamu ya namba sifuri-nane-saba.
Ameshaitia saini. Mteja wa Aberdeen, inaondoka saa tisa.
Niliivaa kwa mazoea tu, mikono isikae bure,
nikaweka rekodi yetu ya majaribio:
selo moja, kanisa tupu, mpigaji mama mzito.
Kabla uta haujagusa uzi, anavuta pumzi puani,
kiti kinalalamika,
na hapo nikasikia. Chini, chini kabisa,
chini ya uzi mnene, kitu kinajikuna.
Si cha kanisa. Si cha selo.

"Alasdair, hii ina kombo."
Akavaa. Akafumba macho. Akavua.
"Mbona sisikii?"
"Usipande juu. Kaa huku chini nami."

Akakaa. Nyusi zikainuka, moja kisha ya pili.

Skrubu sita, chini ya taa yenye lenzi.
Juu ya utando umelala unywele mmoja,
mweupe.
Katika karakana ya watu wanne,
mmoja kipara, wawili watoto wa juzi,
haikuwapo haja ya kuulizana wa nani.

Nikauondoa kwa kibano, pumzi nimeibana
kama ninayemtoa mtoto kibanzi.
Tukafunga. Nikavaa tena.
Yule mama akavuta pumzi, kiti kikalalamika,
uzi ukaanza, na chini yake hamna kitu,
hamna kitu kipana, safi,
kama ua lililofagiwa alfajiri.

Alasdair akafuta saini yake kwenye kadi,
akanisogezea kalamu.
Tangu siku hiyo juu anasikiliza yeye.

Unywele ninao, kwenye bahasha ya skrubu,
sijui wa nini.
Huko Aberdeen kuna mtu anasikia kila kitu
isipokuwa mimi.