Mgongo wa Nkwabi

Saa kumi na mbili asubuhi, Tabora ya mwezi Juni
inauma masikio. Vumbi la Cheyo bado limelala,
na Nkwabi Msabila, nahodha, miaka thelathini na nne,
goti la kushoto limeviringishwa bendeji kama kichanga,
anafagia chumba cha kubadilishia nguo.
Hajawahi kutuambia kwa nini.
Mwaka wa kwanza tulidhani amepewa adhabu.
Mwaka wa pili tulidhani analipwa zaidi.

Analipwa kama sisi: mshahara wa Machi umeingia Mei,
tena kwa mafungu, na mwenye klabu
akaongezea ndoo ya asali kwa kila mchezaji,
akatuomba tusimwambie mkewe.
Yangu niliiuza stesheni, kwa abiria wa treni ya Mwanza.
Nkwabi alimpa dobi wa jezi zetu.

Mama huniuliza hadi leo, "Raga ndiyo ule mpira uliopondeka?"
Ndiyo, mama. Mpira uliopondeka, wanaume kumi na tatu.
Unaubeba hadi wakuangushe,
unainuka, unausukuma nyuma kwa kisigino,
mwenzako anabeba. Mara sita. Kisha zamu yao.
Hakuna siri zaidi ya hiyo.
Bibi alielewa upesi. "Kumbe ni upagazi," akasema,
akarudi kuchambua mchele.

Sasa nikuambie nililotaka kukuambia.

Jumamosi, na watu wa Morogoro. Tunaongoza
kumi na nane kwa kumi na nne,
dakika ya sabini na nane. Winga wao akachomoka
upande wangu. Upande wangu mimi.
Nilipiga hatua tatu, nne,
nikapiga hesabu, hesabu ikakataa,
nikashika kiuno.

Kitu kikanipita, kikihema kama pampu ya kisima.
Nkwabi. Bendeji imefunguka, inamfuata kama mkia.
Alijua hamfikii. Uwanja mzima ulijua,
hata muuza karanga aliyekwisha funga kapu.
Alimfukuza tu, pembeni, pembeni zaidi,
akimnyima katikati, kama mtu anayeswaga
mbuzi wa jirani kutoka shambani,
hadi winga akauweka mpira chini kule konani,
kibendera kikamgusa sikio.

Kumi na nane, kumi na nane. Mkwaju wa nyongeza
upigwe kutoka huko huko pembeni.
Mpigaji akatema mate, akapiga,
mpira ukaenda kuwasalimia wenye baiskeli nje ya uzio.
Sare. Hakuna aliyembeba Nkwabi mabegani.
Alikuwa ameinama kando ya mstari, anatapika.

Jumatatu mwalimu Gervas akatuwashia mkanda wa mechi.
Benchi, feni bovu, harufu ya dawa ya misuli.
Nilijua dakika ile inakuja. Nilihesabu matofali ya ukuta.
Sabini na sita. Sabini na saba.
Hapo Nkwabi akanyanyuka, akaenda mbele ya runinga,
akainama kama anayefunga kamba za viatu,
ule mgongo wake, mlango wa ghala la tumbaku,
na akakaa hivyo, anahangaika na fundo,
mpaka mtu mwenye mikono kiunoni
akapita nyuma yake bila kuonekana.
"Nkwabi," mwalimu akasema, "wewe si kioo."
Watu wakacheka. Nami nikacheka, kicheko kikanikwama.

Nilikuwa nimefika Isevya, ufunguo tayari mlangoni,
nilipokumbuka: alikuwa amevaa kandambili.

Jumanne niliamka kabla ya adhana
nikaliwahi fagio.
Nikakuta sakafu imefagiwa, imenyunyiziwa maji,
viatu vimepangwa, hata vile vya Mihambo vinavyonuka.
Nkwabi akaingia, anachechemea. Akatazama chini. Akanitazama.
"Si mimi," nikasema.
"Wala mimi," akasema.
Akakaa kwenye benchi, mikono mapajani,
hajui pa kuiweka, kama mgeni.