Vifurushi vya Gunvor

Alipima kila kitu kwa mizani ya unga.
Mswaki akaukata mpini, ramani akaipunguza kingo,
lebo za nguo akazifumua kwa wembe.
"Gramu mia mgongoni," alisema, "ni kilo magotini."
Nikacheka. Treni ya Abisko ikamchukua.

Wiki ya kwanza posta ikaleta sufuria na kifuniko chake.
Ya pili, soksi za akiba
na nusu ya kitabu, kurasa alizokwisha soma.
Kutoka Kvikkjokk, kile kioo nilichompa Krismasi.
Kila atuacho yeye, najitwika mimi:
meza ya jikoni imejaa,
kahawa nainywa nimesimama.

Jana, bahasha. Nyepesi hata nikadhani tupu.
Nikaikung'uta,
ukaanguka ufunguo wa nyumba.
Barua hakuna. Karatasi nayo ina uzito wake.

Nimeupima: gramu kumi na moja.
Nimefuta mizani, nimeupima tena.

Ni Julai, usiku haujui kuwa giza.
Mlango nimeurudishia tu, sikutia komeo.
Upepo unausukuma,
nami kila mara nainuka kuutazama.