Kwa Mwajabu, Kabla ya Kuhama

Mwajabu, nasikia umepata chumba na sebule Chumbageni
na mwisho wa mwezi unahama.
Hongera. Sasa kaa, nikueleze habari ya droo.

Mimi nilipotoka Barabara ya Kumi na Nne kwenda Pongwe
nilipiga namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme.
Sauti ikaitika, "Shikamoo, mama,"
shikamoo iliyopakwa samli.
Nikavitaja vitu. Akasema, elfu sitini, mpaka mlangoni.
Hakuja kuvitazama.
Weka kidole hapo, mdogo wangu: hakuja kuvitazama.

Anayekadiria mzigo kwa sikio
huupima upya mkiwa njiani.

Canter likaja saa tano badala ya saa mbili,
ubavuni SALAMA HARAKA kwa rangi ya jana,
kibao cha namba kimepakwa tope
na mvua haijanyesha wiki ya tatu.
Nikaona. Nikanyamaza.
Thelathini nilikwisha kuituma kwa simu,
na pesa iliyotangulia humfunga mwenyewe mdomo.

Wakapakia samadari ya bibi,
mapipa mawili, cherehani, mbuzi ya nazi,
na kabati la mvule, lile la kioo
ulichokuwa ukijitazamia wanja.
Mama Semboja akanitania toka barazani,
"Tanga, waja leo waondoka leo? Thubutu!"

Kange, mkabala na stendi, gari likazimwa.
Dereva akashuka, akalizunguka, akapigapiga turubai
kama mnunuzi wa ng'ombe.
"Mama, mzigo huu siyo ule wa kwenye simu.
Ongeza laki na nusu, la sivyo nashusha hapa hapa."
Ile samli ilikwisha yeyuka.
Jua la saa saba. Nyumba yangu nzima
juu ya magurudumu ya mtu,
na godoro langu, lenye doa unalolijua,
linatazamwa na abiria wa Lushoto.

Nilibishana mpaka koo likakauka.
Nikatoa themanini. Zilikuwa za bati.

Pongwe walishusha kama wanaozima moto.
Namaliza kuhesabu, Canter limeshapinda kona.
Waja leo, waondoka leo:
lile lilithubutu.
Kioo kina ufa toka juu mpaka chini,
na cherehani haina droo.
Ndani ya droo mlikuwa na bobini,
mkasi wa mama,
risiti ya kiwanja.

Nikapiga ile namba. Haipatikani kwa sasa.
Mpaka leo ni kwa sasa.

Siku ya nne akaja kijana kwa baiskeli,
utingo wao, Hiza,
droo ameifunga kwenye keria kwa mpira.
Hakuniangalia usoni.
Akasema ilisahauliwa chini ya turubai.
Sikumuuliza ilisahauliwa na nani.
Mkasi ulikuwemo. Risiti ilikuwemo.
Bobini mbili hazikuwemo, nikaziacha ziende.

Sasa Hiza ana guta lake, na binamu yake ana Kirikuu.
Mchukue. Lakini aje kwanza aone, umfungulie na stoo.
Bei iandikwe, na jina la aliyeitaja.
Vitu viingie daftarini kimoja kimoja, hata mwiko.
Nusu ya pesa ilale kwenye pindo la kanga
mpaka kijiko cha mwisho kivuke kizingiti.
Na droo, Mwajabu,
droo zibebe wewe mwenyewe, mapajani.

Utasema dada amekuwa mgumu. Labda.
Siku ile nilimkaribisha ndani,
nikampa chai na mkate wa kumimina,
akala, jasho likamtoka, akashukuru.
Ndipo nikamwomba kitambulisho.
Nikanakili tarakimu zote ishirini,
taratibu, kwa mwandiko wangu wa shule,
naye ameinama upande wa pili wa meza
akinishikia karatasi isipeperuke.