Barua ya Siku Tatu

Nilianza na "Ninaomba."
Mwalimu Cirhuza akalipigia mstari mwekundu:
"Kwa Kiingereza, hapo umeshapiga magoti,
na bosi wako hatajua aelekeze wapi macho."

Lakini mimi huomba kila siku nimesimama wima!
Naomba chumvi. Naomba njia. Naomba kiberiti
kwa jirani wa Kadutu, kupitia tundu la bati,
na hakuna aliyewahi kuniita ombaomba.

Nikafuta. Nikaandika "Nataka."
Akacheka hadi taa ya betri ikatikisika mezani.
"Hilo ni la askari kwenye kizuizi."

Basi tukaanza kuzunguka.
Waingereza, akasema, hawaombi kitu,
huulizia habari zake:
je, ingewezekana? je, ungeona vibaya
iwapo mimi, pengine, siku kama tatu hivi?
Nge huyu, nge yule,
nge juu ya nge, na hakuna anayeuma.

Mkia wa Kifaransa nilioubandika mwishoni,
zile heshima zilizotukuka, tafadhali uzipokee,
mistari mitatu niliyofunzwa na masista kwa kiboko,
aliukata wote, akapulizia wino.
Barua ikabaki kama kuku aliyenyonyolewa.
Niliionea haya.

Asubuhi nikaipeleka Muhumba, tope hadi kifundoni.
Madamu Fiona akaisoma huku akitafuta funguo,
akanijibu kwa Kiswahili chake cha miezi sita:
"Enda. Rudi."
Vitenzi viwili vikavu, wala nge hata mmoja.
Sikukasirika. Nilijua
amenipa vyote alivyokuwa navyo.

Walungu, mama mkwe amelala ubavu,
pumzi yake mchanga ndani ya kibuyu.
Yeye aliyewafunza wakwe zake wote
kupokea kikombe kwa mikono miwili
hakuuliza kama ingewezekana.
"Maji," akasema.
Na nilipomwinua kichwa: "Shika vizuri, wewe."

Nikashika. Kitanda ni kifupi,
ilibidi nipige magoti kwenye udongo.
Kikombe kilikuwa kinayumba juu ya kigoda;
nikapapasa mfukoni, nikakuta ile karatasi ya kwanza,
yenye neno moja na mstari mwekundu,
nikaikunja mara nne,
nikaiweka chini yake.