Geti la Kimanga

Wiki ya tisa sasa, bado ni namba moja.
Redio zote, saluni zote, hata kwa muuza chipsi
pale njia panda ya Kimanga mafuta yanachemka kwa mapigo yake:
gitaa linaanza peke yake, taratibu,
kama mtu anayetafuta funguo gizani,
halafu ngoma,
halafu Danstan, kwa ile sauti yake ya kukwaruza:
"Usifunge geti, mpenzi hajarudi."

Nawajua Kokoto Bendi tangu hawana jina.
Walifanyia mazoezi kwenye banda la matofali nyuma ya ukuta wetu,
wanne, na spika iliyopasuka, na umeme wa kuombaomba.
Mama aliwarushia maneno, na siku nyingine mihogo.
Saa nne usiku alitoka, kanga begani,
kumwambia mlinzi wa wapangaji lile lile:
"Msifunge geti. Mtu hajarudi."

Mtu alikuwa Ambokile, kaka yangu.
Alidandia lori Tunduma, akaahidi Durban,
akatuma picha moja, amevaa koti lisilo lake.
Baada ya picha, namba haipatikani.
Miaka sita.

Kumbe upande wa pili wa ukuta kulikuwa na daftari.
Danstan akafuta "mtu", akaandika "mpenzi".
Neno moja tu. Sasa ana gari,
na mji mzima unamlilia asiyekuwepo.

Nimeusikia harusini Ubungo, bibi harusi akifuta wanja.
Nimeusikia Msimbazi, kwenye simu ya mtu anayejaribu viatu.
Jamaa wa ofisini kwetu ameufanya mlio wa simu:
kila akidaiwa mkopo, mpenzi hajarudi.

Nilitaka kwenda kudai. Kudai nini, sijui.
Nusu ya geti? Hela ya mihogo?
Danstan alinikuta dukani, akanikumbatia,
akasema wimbo ule ulimjia wenyewe, usiku, kama malaika.
Sikumwambia kuwa malaika ana presha
na anadaiwa kodi ya jengo.

Mama anaupenda. Hilo ndilo linaloniuma.
Huongeza sauti, akauacha mchele kwenye ungo,
akaitazama redio kama mgeni aliyebisha hodi.
"Hawa watoto," husema, "nani kawaambia?"

Jana umeme ulikatika, mtaa ukabaki na mbu.
Mama akatoka, kanga begani, mpaka kwa mlinzi mpya,
Nyamhanga, hata mwezi hajamaliza.
"Msifunge geti," akasema. "Mtu hajarudi."

Kijana akacheka. Akadhani bibi kaanza wimbo.
Akaudaka kwa sauti ya pili, nzuri kweli,
akauimba mpaka mwisho,
huku mkono wake, kwa mazoea,
ukisukuma komeo.